Zawadi za Krismasi Zenye Jina: Jaribu Kabla ya Kuuza

Miezi ya mwisho wa mwaka ikikaribia, vikundi vingi vya akina mama na vijana wenye cherehani huanza kuulizwa swali moja: "Mnaweza kuniandikia jina kwa kitambaa?" Mtu anataka kumpelekea mama yake foronya mbili zilizodariziwa. Mwingine anataka vitambaa vya makochi vyenye jina la ukoo. Mwingine ana mtoto aliyezaliwa mwaka huu, na anataka taulo ndogo yenye jina lake. Ni kazi nzuri. Kitambaa cha kawaida hupatikana sokoni kila siku, lakini kilicho na jina la mtu hakipatikani dukani, na mwenyewe hukitunza miaka mingi.

Lakini jina likishashonwa kwa kitambaa, huwezi kukiuzia mtu mwingine. Kikiharibika, hasara ni yako peke yako. Ndiyo maana katika makala hii tunataka kueleza vile tunavyochagua mapambo na kuyajaribu kabla ya kuchukua oda. Tulijifunza kwa machungu.

YALIYOTUPATA

Miaka michache iliyopita kikundi chetu kilichukua oda ya jozi 24 za foronya nyeupe. Kila jozi ilikuwa na jina na ua jekundu la Krismasi. Wateja walilipa nusu ya bei mbele. Sisi tukaongeza pesa za mzunguko wetu, tukanunua kitambaa na uzi. Uzi mwekundu tuliupata sokoni kwa bei ya chini sana, tukafurahi. Hakuna aliyeuliza kama unatoa rangi.

Wiki moja kabla ya Krismasi tulikuwa tumemaliza jozi 9. Mwenzetu mmoja akasema, hebu tuzifue kidogo zitoke alama za kaboni kabla ya kupiga pasi. Tulipoziinua kutoka kwa maji, wekundu ulikuwa umetambaa kila mahali. Foronya zilikuwa kama zimefutiwa damu. Tulifua tena, tukaanika, wapi!

Mteja mmoja alikuwa ameagiza jina la mama mkwe wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kwao kama mke wa nyumba ile. Alikwenda na foronya isiyo na pambo lolote, na sisi tukabaki na aibu. Tulirudisha pesa za watu. Januari ilipofika, wenzetu wawili waliokuwa wakitegemea zamu yao ya mzunguko kwa karo ya shule walikosa. Hapo ndipo tulipokaa chini na kuamua: hakuna kazi itakayouzwa kabla ya kujaribiwa.

ANZA MAPEMA

Tunaanza mwezi wa Septemba, tukifuata mpango huu:

Septemba: kuchora na kuchagua mapambo, kununua uzi kidogo wa kila rangi, kufanya majaribio.

Oktoba: kuonyesha vielelezo vilivyojaribiwa na kuanza kuandika oda.

Novemba: kushona.

Desemba, tarehe 10: mwisho wa kupokea oda. Siku zinazobaki ni za kufua, kupiga pasi na kurekebisha.

Vikundi vilivyo na wateja Waislamu wakumbuke kwamba Idd haingoji kalenda hii. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 11 hivi, kwa hiyo hesabu miezi yako upya kila mwaka.

KUCHAGUA PAMBO

Pambo zuri kwenye karatasi si lazima liwe zuri kwenye kitambaa. Sisi hujiuliza maswali manne.

La kwanza: Je, linajulikana nyumbani kwa mteja? Vitabu vingi vya michoro vinatoka nchi za baridi. Ndani yake kuna theluji, gari la theluji na wanyama wa huko wenye pembe kama matawi. Si vibaya mtu akipenda. Lakini sisi tumeona wateja wetu wakichagua zaidi nyota, mshumaa, kengele, hori la ng'ombe na ua jekundu la Krismasi, lile linaloitwa poinsetia. Ua hilo asili yake ni Mexico, lakini siku hizi limepandwa nyuani mwa watu wengi. Ukitaka kulichora vizuri, toka nje ulitazame: zile sehemu nyekundu ni majani, na maua yenyewe ni vile vidoto vya manjano vya katikati.

La pili: Je, pambo litabaki kuwa na maana Januari? Foronya yenye nyota na jina hutumika mwaka mzima. Yenye maneno ya sikukuu huwekwa sandukuni tarehe 2 Januari. Mwambie mteja tofauti hiyo, aamue mwenyewe.

La tatu: Je, lina mistari mingi midogo? Kwa cherehani ya miguu, pambo lenye mistari minene michache hutoka safi. Vidole vya malaika na manyoya ya kondoo hukufanya ulie. Mapambo yaliyojazwa uzi mahali pote nayo huvuta kitambaa kikajikunja.

La nne: Je, ni letu? Picha za katuni za televisheni na nembo za timu za mpira zina wenyewe. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kuuza kitu chenye mchoro wa mtu bila ruhusa yake kunaweza kukuletea kesi. Chora la kwako. Kikundi kikiwa na michoro yake, wateja huitambua kazi yenu hata kabla ya kuuliza nani ameshona.

HERUFI NA MAJINA

Jina ndilo linalofanya zawadi iwe ya mtu. Pia ndilo linaloleta ugomvi.

Usiandike jina kwa kusikia. Catherine na Katherine husikika sawa, Stephen na Steven vilevile. Mpe mteja daftari ya oda aandike jina mwenyewe, kwa herufi kubwa, kisha atie sahihi kando yake. Kama hajui kuandika, mwombe aje na mtu wa nyumbani, au aonyeshe jina hilo kwenye kitambulisho au kadi ya kliniki. Muulize pia anataka jina lipi. Kuna nyanya ambaye kwenye kitambulisho ni Margaret, lakini nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Akiona "Shosho" au "Dani" kwenye mto wake, ndipo atacheka.

Herufi zisiwe ndogo mno. Herufi za chini ya milimita 6 huziba matundu yake: a, e na o zinakuwa vidoto tu. Kwa foronya sisi hutumia herufi ndogo za sentimita 2, na ya kwanza sentimita 4. Pima jina lote kwenye karatasi kabla. "Ann" na "Wambui" hazichukui nafasi sawa, na mteja aliyeagiza jozi moja ya majina hayo atataka zilingane. Hapo usipanue Ann ikawa kama bango. Acha herufi zilingane, kisha uweke jina katikati na ujaze pande zake kwa majani au nyota.

KUHAMISHA MCHORO

Baada ya mkasa wetu tuliacha kaboni nyeusi kwenye kitambaa cheupe. Kalamu ya wino ni mbaya zaidi, kwa maana haitoki. Njia tunayotumia sasa ni ya zamani na haina gharama.

1. Chora pambo kwenye karatasi ya kaki.

2. Toboa vitundu kwa sindano juu ya mistari yote, kila kimoja mbali na mwenzake kama milimita 2. Ukiwa na cherehani, iendeshe bila uzi juu ya mstari, itatoboa yenyewe.

3. Laza karatasi juu ya kitambaa na uibane kwa pini isisogee.

4. Saga chaki ya bluu, iweke kwenye kitambaa kidogo kilichofungwa kama kifuko, kisha upigepige juu ya vitundu. Kwa kitambaa cheusi tumia chaki nyeupe.

5. Inua karatasi taratibu. Unganisha vidoto kwa kipande chembamba cha sabuni au chaki iliyochongwa.

Karatasi moja hutumika mara nyingi sana. Andika upande wake wa juu neno JUU. Ukiigeuza, jina litatoka kinyume kama kwenye kioo, na hutagundua mpaka umalize.

KUTAYARISHA CHEREHANI

Watu wengi hufikiri darizi inahitaji mashine ya pekee. Cherehani ya kawaida ya miguu, ile nyeusi, inatosha kabisa.

Toa mguu unaokandamiza kitambaa. Teremsha yale meno ya chini yanayovuta kitambaa. Kama mashine yako haina skrubu ya kuyateremsha, yafunike kwa bamba, na urefu wa mshono uweke kwenye sufuri. Sasa kitambaa hakivutwi na mashine tena, unakisogeza wewe.

Kaza kitambaa kwenye fremu ya duara, ile ya pete mbili za mbao. Angalia hapa: kwa darizi ya mkono kitambaa hukaa juu ya fremu, lakini kwa cherehani kinakaa chini, kigusane na meza ya mashine. Kikaze mpaka ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma ndogo, lakini usikivute kikapinda nyuzi zake.

Chini ya kitambaa weka karatasi, au kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola. Huzuia kitambaa kujikunja. Karatasi huchanwa taratibu kazi ikiisha.

Hata kama umetoa mguu, mkono wa kuuteremsha lazima uushushe kabla ya kuanza. Usipoushusha, uzi wa juu haukazwi, na chini utapata kiota cha ndege. Vuta uzi wa bobini uje juu, ushike nyuzi zote mbili, ushone mishono mitatu papo hapo, kisha uzikate. Miguu iende mbio sawasawa na mikono iende polepole. Mikono ikikimbia, mishono hurefuka na sindano huvunjika. Usivute kitambaa sindano ikiwa ndani, na vidole viwe pembeni mwa fremu kila wakati.

Kwa poplini tunatumia sindano namba 11, kwa amerikani nzito na vitambaa vya makochi namba 14. Sindano butu hupasua nyuzi za kitambaa na kuruka mishono. Ibadilishe mara tu unaposikia inagonga badala ya kupenya.

MAJARIBIO SITA

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari. Kila pambo jipya, kila uzi mpya na kila kitambaa kipya hupita majaribio haya. Kama ni uzi wa duka lile lile lakini ni bunda jipya, unajaribiwa tena.

1. Jaribio la kupungua. Kata kipande cha kitambaa cha sentimita 20 kwa 20. Kifue kwa maji ya moto, kikauke, ukipige pasi, upime tena. Kikiwa sentimita 19, kimepungua sentimita 5 katika kila mita. Pambo halipungui sawa na kitambaa, kwa hiyo baada ya kufuliwa kitajikunja pande zote za jina. Dawa yake ni kufua kitambaa chote kabla ya kukata.

2. Jaribio la rangi. Shona mistari michache ya uzi kwenye kipande cheupe. Kiloweke kwa maji ya moto na sabuni ya unga nusu saa. Kikamue kidogo, kikunje pamoja na kipande kingine cheupe, na ukiache na unyevu mpaka asubuhi. Ukiona doa, uzi huo hautumiki kwenye kitambaa cheupe, hata kama ni wa bure. Nyekundu, nyeusi na bluu nzito ndizo za kuogopa zaidi. Wengine husema loweka kwa chumvi au siki. Sisi hatutegemei hilo. Uzi uliotiwa rangi vibaya kiwandani hautengenezwi na chumvi ya jikoni.

3. Jaribio la mkazo. Geuza kazi utazame upande wa nyuma. Uzi wa juu uonekane kidogo tu kando za mshono wa bobini. Kama uzi wa bobini unachungulia juu, legeza mkazo wa juu robo ya mzunguko, ujaribu tena. Ukiona vitanzi chini, umelegeza mno, au uzi haukupita vizuri.

4. Jaribio la macho. Tundika kazi ukutani, urudi nyuma hatua tatu. Mwite mtu ambaye hajui ni jina gani, umwambie asome. Akisita, herufi zako zina kasoro. Usimtumie mwenzenu wa kikundi, kwa maana yeye tayari anajua kilichoandikwa.

5. Jaribio la kuvuta na pasi. Sugua pambo kwa mikono kama mtu anayefua kola, mara 20. Kisha lipige pasi kwa nyuma, likiwa limelazwa juu ya taulo ili lisibapike. Nyuzi zikifunguka mwanzoni au mwishoni, hukufunga mishono vizuri. Uzi wa rayoni unang'aa kuliko yote, lakini ukiwa umelowa hupoteza nguvu, na haupendi dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Uzi wa polista huvumilia kufuliwa zaidi. Kwa shuka, foronya na taulo za mtoto, sisi tulichagua polista.

6. Jaribio la saa. Tazama saa unapoanza na unapomaliza. Usipojua pambo linachukua dakika ngapi, hutajua bei, wala hutajua oda ngapi unaweza kukubali.

Kuhusu taulo, neno moja. Vile vitanzi vyake humeza herufi. Taulo nyingi zina utepe bapa karibu na mwisho. Shona jina hapo.

Kipande kilichofaulu usikitupe. Kishone kwenye daftari la vielelezo, na kando yake uandike: aina ya kitambaa, uzi na duka ulikonunuliwa, namba ya sindano, dakika, tarehe. Fundi wenu mzuri akihama au akiugua, daftari hilo litafundisha mwingine.

UKIPELEKA KWA MASHINE YA KOMPYUTA

Siku hizi mijini kuna mashine zinazoendeshwa na kompyuta. Mwenye mashine hupima pambo kwa idadi ya mishono. Hesabu ni rahisi: jina na nyota vyenye mishono 6,000, kwa mashine inayoshona mishono 600 kwa dakika, ni dakika 10, ukiongeza muda wa kukaza fremu na kubadilisha uzi. Kwa oda kubwa ya majina mengi inaweza kukufaa.

Hata hapo, usiache majaribio. Omba kipande cha mfano kwenye kitambaa chako mwenyewe. Usikubali pambo la sentimita 8 likuzwe tu likawa 16. Mishono itaachana na kitambaa kitaonekana katikati. Likipunguzwa sana, mishono hulundikana na sindano huvunjika. Zaidi ya sehemu moja katika kumi, heri litengenezwe upya kwa kipimo kinachotakiwa. Tena, mafaili mengi ya mashine hizi, kama yale ya aina ya DST, hayabebi rangi zenyewe. Yanaonyesha tu mahali pa kubadilisha uzi. Peleka orodha ya rangi kwa mkono, la sivyo nyota yako itarudi ya kijani.

BEI ISIYOKUUMIZA

Tunatoa mfano tu, wewe weka bei za soko lako. Jozi moja ya foronya:

Kitambaa: sh. 300
Uzi: sh. 50
Sindano, mafuta ya mashine na karatasi: sh. 20
Sehemu ya nauli: sh. 30
Kazi ya saa 3, kila saa sh. 80: sh. 240
Jumla: sh. 640
Mfuko wa kikundi, sehemu moja katika kumi: sh. 64
Bei ya chini kabisa: sh. 704

Vikundi vingi husahau mstari wa kazi, eti kwa sababu mikono ni yetu. Mikono ni yako, lakini shamba lako lilikungoja saa hizo tatu. Wala usitumie amana ya mteja kwa jambo lingine kabla kazi haijatoka mikononi mwako.

KWA KUMALIZIA

Mwaka uliofuata ule mkasa tulichukua jozi 15 tu. Majaribio yalitugharimu nusu mita ya kitambaa, vibunda vichache vya uzi na siku mbili. Rangi mbili za uzi zilishindwa, tukaziweka kwa kazi ya vitambaa vyeusi. Jozi zote 15 zilichukuliwa, hakuna iliyorudishwa. Yule mama wa foronya ya mama mkwe tulimshonea nyingine bila malipo. Alikuja kuchukua, akaigeuza nyuma na mbele, akailoweka mate kidole akasugua lile ua jekundu mbele yetu. Hatukukasirika. Alikuwa na haki.

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na pambo moja na rangi mbili, mzijue vizuri, ndipo muongeze.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kazi gani yetu iliwahi kurudishwa na mteja? Ni jaribio gani lingetuonya mapema?

2. Ni nani kati yetu anayechora vizuri, na tumewahi kumpa nafasi?

3. Daftari letu la oda lina nafasi ya mteja kuandika jina mwenyewe?

4. Oda ikiharibika leo, hasara italipwa na fundi mmoja au na kikundi chote? Tuelewane sasa, kabla ya Desemba.